Mkaguzi wa Bima na Korosho za Mama Mkwe

Jamani, leo sina uso. Nimejifungia chumbani, naandika haraka kabla majirani hawajawasimulia kwa namna yao.

Mnaijua nyumba yangu hapa Kilwa Masoko. Tangu ya jirani iungue kiangazi kilichopita kwa cheche ya jikoni, mimi usingizi sina. Nikaamua kukata bima. Wakala alivyonitajia ada ya mwaka, nikatafuta pa kukaa.

"Mbona kubwa hivyo?"

"Dada, jiko lako la makuti limeegemea ukuta wa nyumba, unapikia kuni, na mtungi wa zimamoto huna. Rekebisha, nije kukagua, ada itashuka."

Mume wangu akasema isiposhuka tuisahau hiyo bima.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Asubuhi na mapema nimeezua makuti yote ya jiko kwa mikono yangu (kucha mbili sinazo tena), nikayarundika nyuma ya nyumba. Jiko la gesi nikaliweka pa kuonekana. Mtungi wa zimamoto nikaazima kwa jirani yetu Mzee Bakari, anao kwenye pikapu yake. Kuutumia sijui, lakini nani angeniuliza?

Tatizo lilikuwa moja. Mama mkwe yupo, kaja kutoka Pande na korosho zake. Nikamwambia, "Mama, leo tuna mgeni, naomba tusiwashe moto jikoni." Akasema, "Haya mwanangu." Nikaridhika. (Mjinga mimi. Unamwambia mama wa Pande kuna mgeni, halafu unategemea atakaa tu?)

Wakala akafika, shati jeupe limepigwa pasi. Akamwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, akapotelea uani. Mimi na mgeni tukazunguka chumba kwa chumba. Anakagua, anaitikia kwa kichwa, mimi kichwa kinazidi kuvimba. Nikamwambia, "Hapa kwetu mambo ya kuni tulishaachana nayo."

Moshi mweusi ukaingia dirishani.

Tukatoka mbio. Mama kainjika debe la korosho kwenye mafiga, na anachochea kwa makuti yangu yale yale! Mnaokaanga korosho mnajua, mafuta ya maganda yakishika, moto unaruka juu. Ule ulikuwa umepita kimo cha mlango.

"Jikoni sijawasha," mama akasema kwa upole. "Nimewasha uani. Sasa mgeni aondoke mikono mitupu?"

Nikakimbilia mtungi. Nikavuta, nikabonyeza, nikafumba macho. Pwaaa! Nilipofumbua, moto upo palepale. Wakala ndiye aliyezimika. Mweupe kuanzia kope mpaka viatu, kama katoka mashineni kusaga muhogo. Mama akachota mchanga, akamwagia debe, moto kwisha.

Nikajua aibu imefika mwisho. Wapi! Mzee Bakari akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Zuhura, ukimaliza na mtungi wangu nirudishie. Naenda Lindi, trafiki wakinikuta sina watanisumbua."

Wakala akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Mama akambangulia korosho, naye akala (tena alikula sana, na unga wake usoni). Kisha akasema ada leo haishuki. Nikamsihi, maana nyumba ndiyo hiyo, sina nyingine. Akanihurumia. Akasema nipikie gesi kweli, makuti yaondoke kabisa, ninunue mtungi wangu, atakuja kukagua upya. Halafu akasogea, akashusha sauti.

"Na mama anaondoka lini?"

"Jumapili."

"Basi nitakuja Jumatatu."

Kumbe mama kasikia. Safari kaahirisha. Anasema haiwezekani mgeni arudi hapa akose wa kumkaangia korosho.

Anayecheka na aje yeye amkataze.