Baba Mkwe wa Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Uhamiaji, Mbeya. Tumetoka bila kitu! Hoteli aliyokuwa akipika mke wangu Tusekile imefungwa, kibali chake cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi, na sasa lazima apate pasi ya mke wa raia, la sivyo arudi kwao Malawi. Nikadhani ni jambo la mhuri tu. Afisa, Bi. Veneranda, akatazama cheti chetu cha ndoa cha Karonga, akatazama picha za harusi, akauliza mbona upande wa bwana harusi hakuna mtu hata mmoja. Nikasema nilikuwepo mimi. Hakucheka. Akasema siku hizi watu wanaoana kwa ajili ya karatasi, kwa hiyo Jumatatu ijayo nije na mzazi. Mama ni marehemu, nikamwambia. Basi baba, akasema.

Nilitaka kujua Bi. Veneranda ni mtu wa wapi. Akasema anayeuliza pale ni yeye.

Tulipofika nyumbani Iyunga, Tusekile akashusha begi kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi. Naliogopa begi lile kuliko afisa.

Jumanne, 5 Agosti

Tusekile anasema twende Rungwe tukamchukue mzee. Rahisi hivyo! Haoni mbali. Kwetu Wanyakyusa mke hatazamani na baba mkwe. Wangonde wa kwao ni vivyo hivyo, na yeye kalelewa na bibi. Mwaka wa tatu huu tukienda kijijini anampikia baba, lakini anayepeleka sahani ni dada yangu Bertha. Mzee akipita njiani, mke wangu yumo migombani. Sasa hao wawili niwapeleke ofisini? Mmoja ataangalia ukuta, mwingine atakimbia. Afisa atasema hawa hawajuani kabisa!

Hapana. Nahitaji baba anayetazamika.

Nimemweleza Nashoni, dalali mwenzangu wa vyumba. Ndiye aliyeninyang'anya mteja wa ile nyumba ya ghorofa, lakini shida haichagui. Kasema yuko mzee Iringa, Mlandege, anayewasindikiza wapeleka posa waliopungukiwa wajomba. Nikauliza anafanyaje akiulizwa habari za ukoo. Nashoni akasema hukohoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi kutoka Iringa na baba. Anaitwa Sedekia, Mhehe, Mlutheri, ana koti la kijivu na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kumpata haikuwa kazi. Kazi ni kuuficha Uhehe wake! Kila anayemsalimia anajibiwa kwa Kihehe, "Kamwene!" Nimemfundisha Kinyakyusa kuanzia Makambako mpaka Igawa. Amekamata salamu ya "Mugonile" peke yake. Ujira wake ni jogoo na gunia la viazi.

Njiani nikamuuliza kama kuna posa iliyowahi kumshinda. Moja tu, kasema, ambako mjomba halisi alitokea. Nimecheka sana.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Ofisi zimefungwa, watu wako viwanja vya maonyesho wanatazama ng'ombe. Sisi mazoezi. Tusekile aketi karibu na Sedekia, amwite baba, ammiminie chai, amkung'ute koti. Akagoma. Akasema hata kwa maigizo, mkono wake haugusi koti la baba mkwe. Nikamwambia huyu si baba mkwe, huyu ni Mhehe. Akaniuliza kama nadhani afisa ni mjinga. Nikamuuliza anataka kubaki na mimi au anataka kurudi Karonga.

Sikupaswa kusema vile. Akammiminia Sedekia chai huku machozi yakimtoka. Sedekia akasema chai ni nzuri.

Baadaye nikamkuta uani anaongea na Bertha kwa simu. Niliposogea akakata. Walikuwa wanaongea nini? Nimeuliza mpaka nimechoka. Mboga, anasema.

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike taratibu.

Tuliingia watatu. Tusekile akaketi ubavuni mwa Sedekia, akamkung'uta koti begani. Safi! Bi. Veneranda akaweka kalamu chini. Akamtazama Tusekile, akamtazama Sedekia, akanigeukia. Kwa upole kabisa akasema yeye kaolewa Busokelo, kwa Wanyakyusa, watoto wake wanasoma sekondari, na hajawahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake, sembuse kumgusa nguo. Kisha akamuuliza Sedekia jina la babu yangu. Sedekia akakohoa. Akaulizwa tena.

"Kamwene," akajibu.

Nikaliona begi limeshafungwa. Nikaliona jiko letu limepoa. Nilitaka kulia, kweli.

Mara mlango ukafunguliwa. Bertha! Nyuma yake fimbo, kofia, halafu baba mwenyewe, Mzee Andendekisye, katoka Rungwe alfajiri. Tusekile hakungoja. Kitenge kichwani, kiti chini, huyo nyuma ya kabati la mafaili, kachuchumaa. Mzee naye akageukia ukuta, akaanza kusoma kalenda.

Bi. Veneranda akamuuliza kama anamfahamu mwanamke aliye nyuma ya kabati. Baba akaiambia kalenda kwamba uso wake hajauona, atauonaje na ni mke wa mwanawe? Lakini mkono wake anaujua kwenye maharage. Na akikohoa njiani, akasikia majani ya migomba yanatikisika, basi anajua mkwewe yupo na ni mzima, anaendelea na safari yake kwa amani. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mwanawe ni mpumbavu, na hilo nalo liandikwe.

Bi. Veneranda akaandika. Sijui aliandika lipi. Akamwomba baba asubiri nje ili mkwe aweze kutoka. Akanionya kwamba nikileta tena mzazi wa kuazima nitalala ndani. Halafu akasema pasi itatoka.

Jumanne, 12 Agosti

Begi limerudi juu ya kabati. Tusekile anapika, anaimba Kingonde. Nikamtazama mpaka akauliza kuna nini. Nikasema nashukuru tu. Akasema siku nyingine nimuulize kwanza. Nimekubali.

Nimetafakari sana ni nini kilichotuokoa. Ni mpango wangu! Bila Sedekia kuketi pale, ujio wa baba ungekuwa na uzito gani? Kosa lilikuwa kikohozi. Nimemwambia Sedekia, naye kakiri.

Jambo moja tu linanisumbua. Bi. Veneranda kasema mwakani, wakati wa kuhuisha pasi, tulete karatasi tu. Karatasi tu? Kwa nini? Mwanamke yule ananificha kitu. Mwakani atataka mama, naona kabisa. Sedekia ana dada yake Mlandege, mjane, analia vizuri akiombwa. Nimesema anishikie nafasi. Mama yangu ni marehemu na afisa anajua, lakini hayo ni mambo madogo. Tusekile nitamuuliza kwanza, kama nilivyoahidi, tukishafika mlangoni.