Mbuzi wa Uzinduzi wa Jiko Safi

Kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Usafi wa Majiko hapa Matinyani, ambayo mimi Jonah Kiema ndiye katibu wake wa kudumu, natamka rasmi kwamba kampeni yetu ya mwaka 1986 ilifaulu. Wanaosema ilifaulu kupita kiasi wapuuzwe.

Kampeni ililetwa na Bwana Kahiga, mratibu kutoka mjini, mtu wa kitambi cha heshima na kaunda suti. Alisimama barazani akatuelimisha. Nyama mbichi isikatiwe pale panapokatiwa mboga za sukuma. Mikono ioshwe kwa sabuni. Sufuria zianikwe juani kwenye kichanja. Na chakula kilichopikwa, kikikaa nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili, kimeshaingia vijidudu, binadamu asipewe.

"Sasa mzee, hata kama binadamu ako na njaa?" akauliza Mbinya, mjane anayeishi karibu na kanisa.

"Njaa haibatilishi mwongozo, mama."

Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Kamati iliazimia uzinduzi ufanyike jikoni kwa Mbinya, kwa kuwa ndilo jiko safi kuliko yote, na kwa kuwa yeye alikuwa na beberu aliyenona. Alimtoa kwa hiari, baada ya kutembelewa na askari wawili. Alikuwa amemlea beberu yule tangu kifo cha mumewe. Siku ya kuchinjwa alishinda akisugua ubao wa kukatia nyama, akausugua hadi ukawa mweupe.

Saa sita mchana nyama ilikuwa tayari. Bwana Kahiga alitarajiwa saa sita. Saa saba ikapita bila hata vumbi barabarani. Ilipokaribia saa nane, Mbinya akanijia.

"Katibu, mkubwa akikula vijidudu hapa kwangu, nani atashikwa?"

"Kiutaratibu, ni wewe."

"Na saa hii, nyama bado ni salama?"

"Kiutaratibu, ni salama kabisa."

Akageukia akina mama. "Haya, leteni maji na sabuni. Watu wanawe."

Kijiji kizima kilinawa. Sijawahi kuona umma ukitii mwongozo kwa kasi namna ile. Mimi nilishiriki katika ngazi ya ukaguzi, hasa mbavu.

Bwana Kahiga aliwasili saa kumi na moja, akiwa na mpiga picha. Alikata utepe mlangoni, akasifu kichanja, akasifu sabuni. Kisha akafunua sufuria ya kwanza. Akafunua ya pili.

"Mbuzi yuko wapi? Nimetoka kijiji cha Zombe, nikakataa chakula chao kwa sababu yenu!"

"Alikuwa karibu kupitisha zile saa mbili, mzee," akasema Mbinya kwa upole. "Tukamwokoa."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Uso wa Bwana Kahiga ukaiva. Alifungua kinywa kumfokea yule mama, lakini kamera ilikuwa imeshainuliwa, naye akalazimika kutabasamu.

"Hongera, mama. Huu ndio... mfano wa kuigwa."

Hapo ndipo sauti iliposikika kutoka sehemu ya nyuma ya Land Rover yake. Mee. Kimya. Mee tena, kwa nguvu. Watu wa Zombe walikuwa wamemfungia zawadi ya mbuzi ya kwenda nayo nyumbani.

Mbinya alitazama gari, akatazama kamera. Machozi yakamlengalenga, na mpaka leo Kamati haijabaini kama yalikuwa ya kweli.

"Ai, mzee! Kumbe umeniletea mwingine! Jamani, njooni muone mkubwa mwenye roho safi!"

Vigelegele vikapaa. Mpiga picha akakimbilia nyuma ya gari. Bwana Kahiga alinitazama mimi, kana kwamba katibu ana la kushauri. Nikamfungulia mlango wa nyuma wa gari, mbuzi atoke.

Alikabidhi kamba akiwa ameuma meno. Mbinya aliipokea kwa mikono miwili, akampapasa mnyama mgongo, akamkagua meno bila haraka.

"Huyu ni mkubwa kuliko wangu," akasema. "Uje tena, mzee."