Pongezi kwa Mafunzo Ambayo Sikuyafundisha

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Mfumo wa Fomu za Mafunzo,
Kiwanda cha Kufua Mashuka.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYOTA TATU NILIZOPEWA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na kiti chako. Mimi ni mkufunzi wa wafanyakazi, yule ambaye meza yake ilihamishiwa karibu na mlango wa choo ili kamati yako ipate chumba cha kukutania. Sina kinyongo. Chooni kunapita watu wengi kuliko waliowahi kuja darasani kwangu, na wote hunisalimia.

Kwa kuwa kamati ina mambo mengi, nikukumbushe tulikotoka. Kiwanda kilinunua mashine mpya ya kupiga pasi mashuka ya hospitali na hoteli. Ni rola mbili za moto, kila moja unene wa pipa, zinazovuta shuka upande huu na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka. Kazi yake ni kuvuta. Haina macho ya kujua shuka limeishia wapi na mkono umeanzia wapi. Ndiyo maana niliomba niwafundishe akina dada wa pasi kabla haijawashwa. Mkasema vizuri sana, ila mafunzo ya kisasa huanza na fomu ya mtandaoni: ya kujisajili, ya mtihani na ya maoni. Na fomu haiji hivi hivi, sharti kwanza uchaguliwe mfumo wa kuitengenezea. Ikaundwa kamati yako, mimi nikaambiwa nisubiri. Sasa mashine inawashwa Jumatatu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu uchaguzi wenyewe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wauzaji wa mifumo waliojitembeza hapa kwetu walikuwa wengi mpaka mlinzi wa getini akaacha kuwauliza wanakwenda kwa nani. Mfumo wa kwanza mliukataa kwa sababu ya rangi ya kitufe cha "Tuma". Wa pili mhasibu alisema unauliza maswali kama mama mkwe. Wa tatu ni ule unaofuata majibu: ukisema ndiyo unapelekwa huku, ukisema hapana unapelekwa kule. Katibu wako alisema hapana mara nyingi, akapotelea humo ndani, ikabidi kompyuta izimwe ndipo atoke. Wa nne ulipigiwa makofi kwa sababu mtu akimaliza kujaza, vikaratasi vya rangirangi humwagika kwenye skrini kama vile ameoa.

Mlisema mnachukua muda kwa kuogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni busara. Lakini mimi naona gunia mmelikagua pande zote, mshono na kamba, na hakuna aliyeuliza mbuzi yuko wapi. Nilipouliza mimi, niliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa "mjumbe asiye na mtazamo chanya". Nalalamika kwamba mimi si mjumbe. Nilikuwa nimeingia kufuata kiti changu.

2. Kuhusu jaribio. Ili kulinganisha nyota za mfumo wa tatu na za mfumo wa nne, mtaalamu wenu wa kompyuta aliweka fomu ya kujaribia kwenye ile skrini ya mlangoni ambayo wafanyakazi hubonyeza kuonyesha wamefika kazini. Ilikuwa na kisanduku cha maoni na swali moja la kujibiwa kwa nyota, moja hadi tano: "Umeridhika kiasi gani na mafunzo ya mashine mpya?" Hakuna aliyeambiwa kwamba ni majaribio. Mafunzo yenyewe hayajafanyika hadi ninapoandika barua hii. Lakini bila kujibu, skrini haifunguki, na asiyefungua skrini anahesabiwa hakuja. Mwenyekiti, wewe ukiwa umesimama pale, foleni inaguna nyuma yako na msimamizi anatazama saa yake, utaridhika tu. Hata ungeulizwa kama umeridhika na mazishi yako ungetoa nyota tano upite.

Basi wakaridhika karibu wote. Mkachora duara la kuonyesha majibu, mkalipaka kijani, mkalipeleka kwa mkurugenzi. Naye, ambaye husoma duara na si maandishi madogo yaliyo chini yake, akafurahi kwamba mafunzo yamefana, akaagiza vyeti vitolewe. Hapo ndipo mtu mmoja tu alitakiwa asimame aseme, "Samahani bosi, bado hatujafundisha." Nilimwuliza katibu wako kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, duara limeshapanda juu, sasa sisi tutalishushaje?"

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika mafunzo ambayo sikuyafundisha nimepewa nyota tano na kila mtu, isipokuwa mmoja. Huyo alinipa tatu, na chini yake akaandika: "Mwalimu hakusikika."

Mwenyekiti, niliumia. Sauti yangu inajulikana kiwandani na mtaani. Mke wangu hunisihi nisiombe chumvi mezani kwa nguvu, kwa sababu majirani huileta. Nikafanya upelelezi, nikagundua aliyeandika ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye aliyepangwa kusimama mbele ya rola siku ya kwanza. Nikamfuata kwenye meza ya kukunjia mashuka, nikamwuliza nimemkosea nini mpaka anivunjie heshima mbele ya wakubwa. Akaendelea kukunja. "Shemeji, mimi nilisema ukweli uliotosha kwenye kile kisanduku. Ulitaka nikusikie wapi, na hukuja?" Halafu akaacha kukunja, akaniuliza polepole, wenzake wasisikie: "Eti ile mashine, ikikushika unaizimia wapi?"

Cheti chake kilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, kina muhuri. Kinasema amehitimu kwa kiwango cha juu.

4. Nilikwenda nikakaa karibu na choo changu, nikatafakari, nikaona kumbe mimi ndiye niliyechelewa na dunia. Kwa hiyo naomba rasmi mafunzo hayo yasifanyike kamwe. Nikiingia darasani nikafundisha kweli, kuna atakayesinzia, kuna atakayeuliza swali linishinde, na duara lenu litaingia kipande chekundu. Kwa sasa mimi ni mwalimu bora kuliko nilivyowahi kuwa, na siri ya mafanikio ni kutoonekana darasani.

Na jambo jema halifai kuachwa kwa idara moja. Fundi aache kuipaka mashine grisi, ajaze tu fomu kwamba inateleza. Hospitali nazo ziulizwe mapema, kabla ya mashuka kufika kwetu, zimeridhika kiasi gani na weupe wake. Zikishatoa nyota tano, mashuka yana haja gani ya kulowekwa? Yarudi yalivyo, na sabuni itabaki stoo. Mgonjwa akilalamika juu ya doa, aonyeshwe duara. Baadaye tunaweza kuufunga hata mlango wa kiwanda, tukabaki na ile skrini ya mlangoni, kila mtu apite asubuhi, aridhike, arudi nyumbani.

Kwa ajili ya Jumatatu tu, kabla hatujafika huko, naomba muandae fomu ya ajali. Maswali yawe machache na vitufe viwe vikubwa, iweze kujazwa na mtu mwenye mkono mmoja. Na kama mtatumia ule mfumo wa nne, tafadhali vile vikaratasi vya rangirangi vizimwe.

5. Hili la mwisho si la kamati, ila sina pengine pa kulipeleka. Naogopa. Siku hizi nyumbani mtu akikunja shuka, namtazama vidole badala ya kumsaidia. Mke wangu ameniuliza mdogo wake ana tatizo gani kazini hata nikitajiwa jina lake nanyamaza. Nimemwambia hana tatizo, ana cheti. Akafurahi, akampigia simu mama yao kumpa habari njema, na sasa mama mkwe anataka picha ya cheti hicho iwekwe sebuleni. Mimi ndiye niliyetumwa kuitafutia fremu.

Ni matumaini yangu kwamba malalamiko haya yatajadiliwa katika kikao kijacho, mara tu mtakapokubaliana kikao hicho kiitishwe kwa fomu ipi. Nisalimie katibu, mwambie mlango wa kutokea upo. Nisalimie mhasibu, mtaalamu wa kompyuta, na wauzaji wote wa mifumo waliobaki kwenye korido, hasa yule anayelala kwenye kiti changu. Mkurugenzi umpe salamu za heshima, kwa kijani.

Ndimi wako katika kuridhika kusiko na kikomo,

Mkufunzi Bora (kwa mujibu wa duara)

Baada ya kusaini: Mwenyekiti, yote niliyoyaomba humu naomba yasitekelezwe hata moja. Fundi aliyekuja kuifunga mashine alikataa kumkabidhi ufunguo wa swichi yake kuu mtu yeyote asiyejua kuizima mashine, na ajuaye ni mimi tu, kwa hiyo ufunguo ninao mimi, na sitautoa kwa sababu ya cheti wala duara. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye chumba cha kukunjia, nafundisha kwa mdomo mpaka wa mwisho aweze kuizima akiwa amefumba macho. Shemeji yangu nimemwambia akae mbele, na safari hii atanisikia. Kama kuna wa kunifukuza kazi, namwomba angoje kipindi kiishe, kisha anifukuze kwa fomu yoyote anayoipenda. Hakuna kujisajili. Kila mtu aje na mikono yake miwili, nami nitahakikisha anarudi nayo nyumbani.