Malalamiko Dhidi ya Mteremko wa Ukweni

Rubwera, Kyerwa
Jumatano

Baba mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Rwezaura,
Isingiro.

Shikamoo Baba.

YAH: MTEREMKO ULIO NYUMA YA NYUMBA YAKO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mkweo Winston, mume wa Beata, mtunza kumbukumbu wa ofisini huku Rubwera, nakuandikia kwa unyenyekevu nikiwa nimekalia upande mmoja, maana wa pili bado unauma. Shemeji Deodatus ameniarifu kwamba sitakiwi kukanyaga kwenu mpaka utoe uamuzi. Kabla hujautoa, naomba usome malalamiko yangu.

1. Mteremko wako unateleza kupita kiasi. Jumamosi mvua ilinyesha, nyasi zikalala, na Jumapili hakuna aliyenionya. Mtu mzima anayetoka kwenye misa na suruali ya kitambaa alistahili kuonywa.

2. Mjukuu wako Benitha alinirubuni. Nilikwenda pale kumshikia ndala tu, yeye ateleze na wenzake juu ya magamba ya mgomba. Mara akaniambia, "Baba, ukikaa nyuma tutafika mbali, wewe ni mzito." Nimefanya kazi serikalini miaka kumi na minne na sijawahi kuombwa msaada kwa sifa yangu halisi. Nikakaa.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilifurahi, Baba. Nina miaka arobaini na moja, nina shinikizo la damu na vikao viwili kila wiki, lakini nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Nikapanda tena. Nikateremka tena. Nyumbani kwangu mimi hushika simu, Benitha naye hutazama katuni, na kwa muda mrefu nimemjua mwanangu kwa kisogo. Jumapili kila tulipofika chini aligeuka kunitazama usoni, anacheka, pengo linaonekana. Sikujua kama jino lile limeng'oka. Mteremko unaomfanya baba aone aibu namna hiyo ni hatari kwa jamii.

4. Sasa lile lenyewe. Wajua kuliko mimi kwamba mkwe na mama mkwe hawagusani. Miaka tisa sina doa: Mama akitokea uani, mimi nimeshatoka kupitia barazani, akishika njia, mimi naingia migombani. Katika safari ya saba Benitha alikuwa amekwenda kunywa maji, nikateremka peke yangu. Mama akatokea na ungo wa maharage. Nilipaza sauti, "Nipisheniii!" Gamba halina breki, Baba. Ungo ukaenda zake, Mama akajikuta ameketi mbele yangu kwenye gamba lilelile, tukateremka wote wawili hadi kwenye mibuni. Katekista Polikarpi, aliyekuja kukujulia hali, alivua kofia.

5. Shemeji Deodatus anadai nilete mbuzi na pombe ya ndizi, rubisi, kuondoa fedheha. Mbuzi sikatai. Ila mimi ni mtu wa mafaili, na faili lazima lisomwe lote. Mimi nilikuwa nimekaa tayari. Aliyekuja kukaa ni Mama. Kwa hiyo aliyegusa ni nani na aliyeguswa ni nani? Nikifuata hoja hiyo mpaka mwisho, mbuzi anapaswa kutoka Isingiro kuja Rubwera, tena dume.

Hata hivyo sitaki tufike huko. Naomba mambo mawili tu. Kwanza, mteremko wote upandwe kahawa, mashimo yaanze kuchimbwa wiki hii, asije mzazi mwingine akaharibikiwa kama mimi. Pili, ukoo utamke rasmi kwamba mwanamume aliye juu ya gamba si mkwe wa mtu yeyote mpaka atakaposimama. Nikifungiwa mlango wa kwenu, sijui nitamweleza nini Benitha, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama ni Jumapili.

Nisalimie shemeji zangu wote, majirani, katekista na kofia yake, na Mama kwa umbali unaostahili.

Ni mimi mkweo mwenye adabu, ukiitoa Jumapili,

Winston Kaijage

Nakala: Shemeji Deodatus, kwa taarifa.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, Mama akapiga simu. Kwa kuwa hatusemezani, amemwambia Beata, Beata amemwambia Benitha, Benitha ameniambia. Anasema mbuzi nimlete na maneno yaishe. Anasema pia atakayegusa mteremko wake kwa jembe atamtambua. Ameshakata mgomba mnene, na anauliza kama Jumapili nitaweza kumsukuma kwa mti mrefu, kisha nigeuke nitazame pembeni kama heshima inavyotaka. Naomba ombi la kahawa lifutwe. Mti nimeshaupata.