Kabla Sijatapeliwa Bangkok

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimechaguliwa! Kikundi chetu cha wakulima wa muhogo hapa Kaniha kimepewa nafasi moja ya kwenda Bangkok, kuona mashine za kuchakata muhogo. Gharama zote za wafadhili. Kura zimepigwa, nimemshinda Kwandu, yule mama aliyehamia kutoka Shinyanga. Yeye kawekwa wa akiba. Cha ajabu, alinipigia makofi kuliko wote. Kwa nini? Aliyeshindwa hafurahi hivyo bure. Mke wangu Anneth anasema huenda Kwandu ana roho nzuri tu. Anneth naye nitamwangalia.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda Rusumo kwa Fabrice, binamu wa Anneth, wakala wa forodha pale mpakani. Bangkok amefika mara mbili. Nikamwomba siri za mji. Akazitoa zote bila kusita. Hilo nalo nimelitilia shaka. Teksi: dereva awashe mita kabla ya kuondoka, akikataa shuka. Foleni ikizidi, panda boti za mtoni au treni ya juu. Hekaluni funika mabega na magoti, vua viatu. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto. Ukikasirika, tabasamu. Barabara vuka pamoja na wenyeji, mwendo mmoja, usikimbie, usirudi nyuma. Na kubwa kuliko yote: akija mtu nadhifu, mpole, akakwambia hekalu limefungwa leo, panda nikupeleke kwingine, usimfuate! Hekalu liko wazi. Anakupeleka duka la vito ukanyonywe.
Nimekariri yote. Hawanipati.

Alhamisi, 17 Julai
Mazoezi ya kuvuka barabara, pale Benaco, nikirudi kutoka Rusumo. Malori yanatoka mpakani mfululizo. Nikavuka mwendo mmoja, macho mbele. Wenyeji wa kuvuka nao sikuwaona, wote walikuwa wamesimama pembeni wakipiga kelele. Lori likafunga breki, vumbi likatumeza. Dereva akashuka. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza kwa upole kama ninaumwa, na apigie nani simu nyumbani. Upole huo! Nikamwuliza duka lake la vito liko wapi. Akarudi garini haraka. Nimemshtukia.
Biharamulo mjini nikapanda bodaboda. Nikamtaka awashe mita. Hana! Nikashuka. Nimefika nyumbani kwa miguu, malengelenge kila kidole. Lakini sikuibiwa.

Ijumaa, 18 Julai
Wamenifuata hadi nyumbani! Asubuhi limekuja gari. Ndani yake mwanamume, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, tabasamu hadi masikioni. Eti anaitwa Matiasi, eti anatoka kwa wafadhili. Akasema, "Bwana Danstan, muda umetubana. Twende Bukoba sasa hivi ukaombe pasi ya kusafiria. Kesho Jumamosi, ofisi imefungwa."
Imefungwa! Neno lenyewe!
Nikatabasamu kama nilivyofundishwa. Nikamwambia, "Iko wazi, rafiki yangu. Vito vyako kamuuzie mwingine."
Akatoa kitambulisho. Kina picha yake. Tapeli gani hana picha yake? Anneth akanishika mkono. "Baba Scolastica, nakuomba, panda gari." Kumbe na yeye yumo! Nikaingia ndani nikapiga komeo. Jamaa akasubiri, akapiga simu, mwisho akauliza kwa Kwandu ni wapi. Nikamwelekeza kupitia dirishani. Masikini Kwandu. Nilimwonea huruma, ila si sana.

Jumamosi, 19 Julai
Kwandu amerudi kutoka Bukoba. Mzima! Ameomba pasi, na sasa jina linalosafiri ni lake. Nikakimbilia kwa mwenyekiti wetu, Mzee Abeli. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza mpango mzima: Fabrice alinifundisha kuwakataa watu wapole ili Kwandu achukue nafasi yangu.
Akanivutia kigoda. "Danstan mwanangu, Fabrice na Kwandu hawajuani."
Ndiyo hivyo! Wamejificha kiasi hicho!
Nimekaa nyuma ya zizi, nikalia kidogo. Suti nilishaazima. Scolastica, binti yetu, alishawaambia shule nzima kwamba baba yake anapanda ndege.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mashine ilifika wiki mbili zilizopita. Kwandu aliporudi kutoka Bangkok alisimulia mengi kikaoni, na wafadhili wakakubali kutununulia moja. Kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, alikuja kwangu. "Kaka Danstan, aliyechaguliwa ulikuwa wewe. Najua iliuma. Nimewaomba mashine ikae uwanjani kwako, barabarani hapa, na wewe uwe msimamizi."
Machozi yalimlengalenga. Amejifunza wapi kuigiza vile? Mashine nzima, uwanjani kwangu, na usimamizi juu yake? Anatafuta nini? Nikakataa palepale.
Sasa iko kwa jirani yangu Malongo, ambaye hakuuliza swali hata moja. Watu wamejipanga kwake tangu asubuhi, kila mtu anamlipa na kumwita msimamizi, naye ameanza kufyatua tofali za nyumba mpya. Atajuta.
Anneth amejitwika beseni la muhogo akaenda kupanga foleni. Nimemfuata kwa mbali, nikijibanza kwenye migomba. Lazima nijue nani kamtuma.