Kuizeesha Jiu-jitsu

Jumatatu, 3 Juni

Saruji kutwa nzima, mabega yanawaka. Nimerudi ukumbi wa parokia, nikamkuta Padri Anselmo mlangoni. Amesema paa linavuja, hawezi tena kubeba vikundi viwili. Kitabaki kimoja, chenye asili, kitu cha mababu. Baraza la parokia litakuja kutazama Jumamosi.

Vikundi vyenyewe ni sisi wa jiu-jitsu, mieleka ya kukabana, na wale wa capoeira, mapigano yanayochezwa kama dansi, wa Mzee Juvêncio, wenye ngoma, nyimbo na mabibi wa kupiga makofi. Sisi tuna mikeka na jasho. Tukifukuzwa, nimefukuzwa na mimi. Ninalala chumba cha nyuma kwa sababu ndimi ninayefagia na kufua kimono, mavazi ya mazoezi, za wote. Nje ya hapo ni kibanda cha mjengo, juu ya mifuko ya saruji. Rio yote hii sina kitanda kingine. Nyumbani ni Ceará, mbali mno kaskazini.

Nimemuuliza Mwalimu Ubiratan kama jiu-jitsu ni sanaa ya jadi. Amecheka. Amesema Wajapani walileta kitu, watu wa mji huu wakakikatakata wakakishona upya, na yeye mwenyewe juzi amejifunza kabari mpya kwenye simu. Nimemsihi asiseme hayo mbele ya baraza. Amesema akiulizwa atajibu. Mtu mkweli ni hasara tupu.

Jumatano, 5 Juni

Nimewaza juu ya jukwaa la ujenzi mpaka nikaangusha ndoo. Msimamizi ameniita Paraíba asubuhi hadi jioni. Mimi ni wa Ceará. Hapa kila aliyetoka kule kwetu ni Paraíba, ingawa hilo ni jimbo jingine.

Lakini wazo limekuja. Tatizo letu ni weupe. Kimono zetu zinang'aa kama friji mpya, nani ataamini mababu? Nitazichemsha kwenye kahawa.

Sufuria kubwa nimeazima kwa Mzee Juvêncio. Ni mtu wa Bahia, mbali na kwao kama mimi, ananiita mwanakwetu. Hakuuliza ya nini. Ameniongezea kahawa yake mwenyewe, akasema ninywe, uso wangu umechoka. Nimejisikia vibaya kidogo. Kisha nikachemsha.

Alhamisi, 6 Juni

Kimono zimetoka rangi ya karatasi za kale. Nimezificha hadi Jumamosi.

Mwalimu hakuwepo, basi nimewafundisha wenzangu salamu ya kale niliyoitunga mjengoni. Unainama, mkono kifuani, unainama tena, unainama tena. Gutemberg, mlinzi wa benki, ameuliza ni nani aliyedondosha sarafu. Wote wamecheka. Hawana uchungu, wana vitanda vyao.

Nimepata pia silaha ya akiba. Nimeuchungulia ule upinde wa muziki wa Mzee Juvêncio, wenye kibuyu. Waya wake umechunwa kwenye tairi la gari. Mababu gani walikuwa na magari?

Jumamosi, 8 Juni

Sipendi kuandika ya leo.

Baraza limekaa, Mama Zuleide mwenyekiti katikati. Mwalimu alikuwa ameshamwambia mlangoni habari za simu. Wenzangu wamevaa, wananuka kama mkahawa. Mwalimu ameingia, amenusa, ameuliza nani alifua. Wote wakanitazama.

Hana sheria nyingi, lakini hii anayo, na mwalimu wake alikuwa nayo: kimono chafu haikanyagi mkeka. Amewatoa wote. Kisha akaifunua ya kwake, akaiona ni ya kahawia, akatoka na yeye. Baraza likabaki linatazama mkeka mtupu.

Ndipo Mzee Juvêncio akasimama. Nikajua anakuja kutumaliza. Nikamuwahi. Nilipaza sauti kwamba upinde wake una waya wa tairi, wakague wenyewe.

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Amesema ni kweli, na walimu wake pia walitumia wa tairi, kwa sababu unalia vizuri. Kabla yao watu walitumia kitu kingine. Akasema alikuwa amesimama kuomba tugawane jioni, maana watu wanaokubali kutolewa mkekani kwa ajili ya usafi tayari wana jadi yao.

Mama Zuleide akasema kumbe wote ni wa jana tu, huyu wa simu, yule wa tairi. Ukumbi wamepewa akina mama wanaofuma vitambaa vya lesi, kikundi chake yeye.

Jumapili, 9 Juni

Kibandani. Mifuko ya saruji haina upande laini.

Mwalimu ameniambia nifue kila kimono upya, tutafanyia mazoezi nyuma ya gereji. Afadhali angenitukana.

Mzee Juvêncio sasa anafundishia kiwanjani kando ya reli. Nimepita, mvua inanyesha, mabibi wanapiga makofi wameloa. Ameniona, amenipungia, ameniita mwanakwetu. Nimekaza mwendo kama sikusikia. Alikuwa ndiye ndugu pekee niliyekuwa naye mji huu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeapa kwa Mtakatifu Fransisko wa Canindé, wa kwetu: hila basi. Zimeniponza, zimemponza na mzee wa watu.

Jioni nimepita ukumbini kuchukua blanketi langu. Akina mama wanafuma. Mama Zuleide anamwonyesha Padri, anasema ni lesi halisi ya Ceará, kama ya mababu. Mama yangu alifuma lesi ya Ceará kwa uzi wa pamba mpaka macho yakamwisha. Nimeinama kama ninayefunga kiatu, nikaugusa uzi.

Nailoni.

Jumamosi Padri anasikiliza maungamo. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na si dhambi zangu nitakazomwambia.