Theluji Niliyoahidi Mpaka Ngazi za Kanisa

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Tena jua lenye dharau. Ng'ombe wamejilaza kivulini utadhani ni Julai.

Wajukuu wakija kusoma haya, wajue babu yao Balz ni mmoja wa watabiri sita wa bonde hili. Hatuna mitambo. Watu wa redio kule Zurich wanayo, na bado wananyeshewa wakienda kazini. Mimi nasoma fuko, wale wanaoishi chini ya ardhi na kuacha vilima vya udongo shambani. Jirani yangu Zeno anasoma sisimizi. Kila Aprili na Oktoba tunapanda jukwaani mkahawani kwa Regula, kila mtu anatoa utabiri wake, watu wanacheka, wanakunywa, halafu wanasubiri. Ukikosea miaka miwili mfululizo unanyang'anywa kiti, unaenda kukaa na wasikilizaji. Mwaka jana nilikosea. Kidogo tu. Nilisema ukame, mto ukaondoka na daraja.

Mwaka huu nimesema wazi. Siku za Watakatifu wa Barafu, zile za Mei ambazo wazee husema baridi hurudi kuaga, kuanzia Pankraz tarehe 12 mpaka Sofia tarehe 15, theluji itashuka kutoka mlimani hadi ngazi za kanisa. Zeno akasema jua tupu. Kiti changu alikikalia baba, na kabla yake babu. Sitoki.

Agatha, mke wangu, leo ametundika maua yake madirishani. Nilimkataza tangu Aprili! Nyumba ya mtabiri wa theluji, madirisha yote mekundu kwa maua. Kasema maua yamechoka kukaa jikoni, na yeye pia.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa Zeno kaniuliza mbele za watu kama fuko wangu nimewanunulia makoti. Akaongeza kwamba maharage yake yako ardhini tayari. Bonde zima limepanda, kwa ajili ya sisimizi!

Nikawakumbusha ule mwaka wa utoto wangu, theluji ya Juni, ilivyojaa mpaka ng'ombe wetu akaingia kwa dirisha la ghorofani, akakaa chumbani kwa mama wiki nzima. Alipotolewa, hakutaka tena zizi. Zeno kasema anamfahamu yule ng'ombe, kila mwaka anapanda ghorofa moja.

Jumatatu, 12 Mei. Pankraz.

Jua. Vilima vya fuko virefu kama kofia yangu. Dalili safi kabisa! Ila mbinguni hakuna hata wingu la kuazima.

Jumanne, 13 Mei. Servaz.

Jua. Nimepata wazo.

Kule juu korongoni bado iko ile theluji iliyoporomoka mwezi wa pili. Lundo kubwa kama nyumba. Na ni theluji ya bonde hili hili, itashuka tu siku moja, ikiwa maji. Mimi naisaidia ishuke ingali theluji. Huo si udanganyifu. Huo ni usafiri.

Jumatano, 14 Mei. Bonifaz.

Nimeamka kabla ya jogoo wa Zeno. Trekta, tela, mpaka korongoni. Nimepakia theluji mpaka tela likalia. Nikashuka, nikaimwaga mbele ya kanisa, nikaitandaza kwa koleo ngazi zote. Nyeupe, nzuri. Nikaingia misani, nikakaa mbele kabisa, sura ya mtu asiyejua kitu.

Mambo mawili sikuyafikiria. La kwanza, tela ni la samadi na sikuliosha. La pili, jua.

Tulipotoka, ngazi zilikuwa uji wa kahawia. Akina mama wa kwaya wakaukanyaga na viatu vyao vizuri. Padri Gallus akauliza kwa upole tangu lini mbinguni wanafuga ng'ombe. Na katikati ya uji ukatokea ubao. Ubao wenye tundu la umbo la moyo. Mlango wa choo cha Zeno cha kule malishoni, ule uliochukuliwa na theluji mwezi wa pili, akaulilia mpaka Pasaka.

Zeno akauinua, akaufuta kwa mkono, akanitazama.

"Asante, mzee mwenzangu," akasema. "Leo umeninyeshea mlango. Kesho niombee na paa."

Watu wakashika mbavu. Halafu akanivuta pembeni. Niende jioni kwa Regula, nisimame, niufute utabiri wangu mbele ya wote, naye atanitetea nibaki na kiti. Nikaenda. Mimi kitu sikifanyi nusu. Niliufuta, nikasema fuko ni waongo wa kuzaliwa, nikaapa hakuna hata chembe ya theluji mpaka Oktoba. Wakanipigia makofi.

Nimerudi nikamwambia Agatha atulie, jua limekubalika rasmi. Kanitazama kidogo, kisha kazunguka nyumba akiingiza vyungu vya maua ndani, kimoja kimoja. Mwanamke mbishi huyu!

Alhamisi, 15 Mei. Sofia.

Theluji.

Nimeshuka kwa miguu kuhakikisha. Imefika ngazi za kanisa, ya chini kabisa, ikaishia hapo hapo. Fuko wangu! Nimemwambia kila niliyekutana naye kwamba nilisema. Kila mmoja kanijibu ndiyo, ulisema, halafu jana ukasema tena.

Maharage ya Zeno meusi tii.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao kwa Regula. Nikadai utabiri wa Aprili uhesabiwe. Wakasema neno la mwisho ndilo neno. Zeno alijaribu kunitetea, ila mtu wa jua siku ya theluji nani atamsikiliza?

Regula akauliza ni nyumba gani bondeni maua yake bado mazima. Ni moja tu. Watu wote wakageuka nyuma, alikokaa Agatha anafuma soksi. Wakamuuliza alijuaje.

"Mimi sijui fuko wala sisimizi," akasema. "Namtazama mume wangu. Akisema theluji, natoa maua nje. Akisema jua, nayaingiza. Miaka yote hii hajaniangusha."

Kiti changu wamempa yeye. Zeno alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi, msaliti. Nikakaa na wasikilizaji.

Njiani kurudi nikaona mwanga. Oktoba Agatha atapanda jukwaani, na ili atabiri lazima anitazame mimi. Basi nitawasoma fuko, nimwambie kinyume chao. Yeye ataenda kinyume changu. Atakachosema kitakuwa kile kile cha fuko, na sifa zitakuwa zangu! Rahisi.

Na theluji ikichelewa, tela nimeshaliosha.